Utani Si Kinga

Siku ya msiba wa Otmari Kihwele, mjane wake alikiri mbele ya waombolezaji wote kwamba ndiye aliyemuua, na waombolezaji wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kitu kimoja tu katika nyumba ile hakikucheka. Kilikuwa kimebandikwa darini, karibu na mlango wa sebule, bapa kama kifuniko cha sufuria, na kazi yake ilikuwa kusikia.

Aliyeanzisha mambo ni Yoramu Ndahani, na angeanzisha nani mwingine? Yoramu alikuwa Mgogo, marehemu alikuwa Mhehe. Mababu zao walinyang'anyana ng'ombe mpaka wakachoka, wakaona bora wataniane, na tangu hapo Mgogo haendi msibani kwa Mhehe kulia. Anakwenda kuvuruga. Asubuhi ile Yoramu aliingia uani amelivaa koti la marehemu kinyumenyume, akavuta kiti karibu na jeneza, akaagiza chai. Alipoionja akaitema, akatangaza kwamba Wahehe hata wakifiwa hawajui kutia sukari. Wanawake waliokuwa wamevimba macho kwa kulia wakaanza kutazamana chini chini.

Kisha akamnyooshea mjane, Twilumba, kidole.

"Mnamlilia nini mtu aliyeuawa? Muuaji si huyo hapo! Kamtilia sumu kwenye mboga, nimemwona kwa macho yangu haya! Anaitaka nyumba. Arobaini haijaisha mtasikia kaolewa na mchinja mbwa!"

Twilumba Kikoti alikuwa hajasema neno la maana tangu jana yake, pale alipomkuta mumewe ameegemea ukuta wa jikoni, kikombe cha uji bado kina moto mkononi. Watu walimpa maji, hakunywa. Walimwita jina, hakugeuka. Aliposikia habari ya mchinja mbwa, ule utani wa kale kwamba Wahehe hula mbwa, alihisi kitu kikimfunguka kifuani, akainuka mkekani, akakaza kanga kiunoni.

"Ndiyo, nimemuua! Na anayefuata ni wewe, Mgogo mla mlenda usiye na haya! Sumu imebaki. Nimekuwekea bakuli zima jikoni, na usiponywa nitakushika pua nikunyweshe!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Shangazi wa marehemu, aliyekuwa amegoma kula, akaomba kipande cha kiazi. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Husema maneno makali kuliko yote, naye ni mtu ambaye huruhusiwi kumkasirikia, na mfiwa akishaweza kumjibu, watu wanajua huyu atapona.

Taa ya kijani darini ikageuka njano, kisha nyekundu.

"Kibali cha maziko kimesitishwa," ilisema sauti ya upole, ile ile iliyozoea kuwaambia kwamba mvua inakuja, nguo zianuliwe. "Tafadhali msiondoe mwili. Afisa wa Utulivu yuko njiani. Poleni kwa msiba."

* * *

Afisa aliyeletwa alikuwa binti, aliitwa Elifuraha Mshana. Alishuka kwenye gari lisilo na dereva, akavua viatu mlangoni, akampa shikamoo kila aliyemzidi umri. Hilo lilimwudhi Twilumba. Angependa aletewe mtu mwenye kiburi, amchukie bila kujilaumu.

Wakaketi chumbani, wawili tu, juu ya mkeka.

"Mama, pole sana."

"Nimeshapoa. Kibali changu kiko wapi?"

Elifuraha alitoa kioo chake cha kazi, akasoma faili. "Daktari ameandika moyo. Mimi najua ni moyo. Hata Msikizi wenu huyo wa darini anajua, maana alikuwa akiyasikia mapigo ya mzee yakilegea tangu Kwaresima, akamwambia aende hospitali, mzee akamwambia Msikizi aende yeye."

"Alikuwa mbishi," Twilumba alisema.

"Tatizo si kifo, mama. Tatizo ni maneno. Kuna mtu ameshtaki na kuna mtu amekiri."

Msikizi hakuwa mjinga. Alijua Kihehe na Kigogo, alijua Kiswahili cha bara na cha pwani, na matusi ya lugha zote hizo aliyajua kuliko makuli wa sokoni. Wala hakuweka kila neno. Kila sentensi iliyosemwa ndani ya nyumba aliipima uzito, na nyingi zilikuwa nyepesi: chumvi iko wapi, funga mlango, mtoto amelala. Hizo alizisahau papo hapo. Nzito alizihifadhi. Nzito mbili zikigusana, shtaka likakutana na kukiri, faili lilijifungua lenyewe na halikukubali kufungwa mpaka apatikane mkosaji. Ama anayeshtakiwa ameua, ama anayemshtaki ni mtu wa chuki na vitisho. Njia ya tatu haikuwekwa.

"Zamani ilikuwepo," Elifuraha alisema, kana kwamba amesikia mawazo ya mwenzake. "Mwanzoni mtu aliweza kusema 'huu ni utani', uzito ukashuka. Unajua kilichotokea? Kila mwanamume aliyemwambia mkewe nitakuchinja alisema alikuwa anamtania. Kila mmoja, mama, mpaka na yule aliyekwisha kuchinja. Ndipo kikaandikwa kifungu: utani si kinga."

Twilumba akageuka. Dirishani alimwona Gaudensia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akipepeta mchele wa matanga. Gaudensia alikuwa akitembea akiinamia upande mmoja. Mumewe alimvunja mbavu akiwa amemziba mdomo kwa mto, na wala Twilumba, aliyekuwa akikaanga vitunguu upande wa pili wa ukuta ule ule, hakusikia kitu. Msikizi ndiye aliyesikia. Alifungua milango, akawasha taa za mtaa mzima, akawaita watu kwa majina. Twilumba mwenyewe ndiye aliyemshika Gaudensia mkono njia nzima ya hospitali. Asingeweza kujifanya hayajui hayo.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza, mwili unapelekwa Dodoma kwenye maabara kuu, unapasuliwa, kila kiungo kinapimwa peke yake, wanathibitisha kwamba hakuna sumu. Itachukua muda. Na mama, sitakudanganya, hawarudishi kila kitu."

"Na ya pili?"

"Msikizi atakuuliza kama Mzee Ndahani anakutisha. Useme ndiyo. Neno hilo moja tu. Maneno yako yatahesabiwa kuwa ya mtu aliyechokozwa, kibali kinarudi hapo hapo, mnazika mchana huu."

"Na Yoramu?"

Elifuraha akaangalia mkeka. "Atawekewa alama."

Alama haikuhitaji maelezo. Mwenye alama akikaribia mlango wowote, nyumba ilimtangaza kwa sauti kabla hajapiga hodi: tahadhari, aliyeko nje ana rekodi ya vitisho. Duka lilimtangaza. Zahanati ilimtangaza, basi likamtangaza kwa abiria wote. Mtaa wa nyuma alikuwepo mzee mmoja mwenye alama, na watu walisema siku hizi anazungumza na kuku wake, tena kwa adabu sana.

"Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Upareni. Same."

"Watani wenu?"

"Wachaga." Elifuraha alitabasamu kidogo bila kupenda.

"Baba yako yupo?"

"Alifariki. Tulimzika Dar es Salaam, nikiwa kazini tayari." Akazungusha kioo cha kazi kilichokuwa mkononi mwake. "Kulikuwa na Wachaga, marafiki zake wa miaka mingi. Walikaa kwenye viti. Hakuna aliyesema kitu, kila mtu alikuwa anaogopa dari. Tukazika, tukarudi nyumbani. Mpaka leo nikiota, baba yuko kwenye kiti cha plastiki anasubiri waanze."

Nje mtu aliuliza kama chumvi imetosha.

* * *

Yoramu alimsubiri nyuma ya nyumba, kando ya tuta la njegere. Alikuwa amelivua koti la marehemu, amelikunja vizuri, amelipakata. Alikuwa dereva wa malori mpaka malori yalipoanza kujiendesha, na tangu siku hiyo alikosa mahali pa kuipeleka mikono yake.

"Shemeji," alisema, "sema ndiyo."

"Nani kakwambia?"

"Kuta za siku hizi zinasikia, mimi pia nina masikio. Sema ndiyo, tumalize. Mimi nimebakiza milango mingapi ya kubisha? Nyumba niliyokuwa nakuja kila siku ni hii, na mwenyewe ndiyo huyo kalala." Akajaribu kucheka. "Ukimpeleka Dodoma ndiyo utakuwa umemponza kweli. Kule ni kwetu. Watamrudisha kajaa mlenda tumboni."

Utani ulitoka umelegea, haukumchekesha hata aliyeusema. Twilumba alimtazama akiwa ameshika lile koti, na hasira ikampanda. Hasira yenyewe haikuwa ya Yoramu, wala haikuwa ya yule binti wa Kipare mwenye adabu zake. Ilikuwa hasira ya kuambiwa achague yupi kati ya watu wake wawili atupwe.

"Yoramu, asubuhi ulikuja hapa kumtukana maiti?"

"Mungu apishe mbali."

"Ulikuja kunitukana mimi?"

"Shemeji, hivi unaniuliza nini?"

"Nauliza kwa sababu nikisema ndiyo, basi yalikuwa matusi. Yote. Wewe ulitukana, mimi nikatukana, na wote waliocheka walicheka matusi juu ya jeneza la mume wangu. Nitakuwa nimempatia kibali, halafu nimemzika kama mbwa. Otmari hakuishi na wewe miaka yote ile aje azikwe kwa matusi. Sisemi ndiyo. Na wewe ukiniomba tena nitakupiga kweli, siyo utani."

Ndani kukasikika zogo. Kasiani, mpwa wa marehemu, mwanamume mwenye mwili na hasira za karibu, alikuwa ameshika sururu, anaelekea sebuleni huku akisema atakishusha kidude hicho leo leo. Alipofika mlangoni alimkuta Gaudensia amesimama katikati, ungo wa mchele kifuani.

"Pita juu yangu kwanza," Gaudensia alisema. "Hivi vyote vimefungamana. Ukivunja hiki, nyumba za mstari mzima zinakuwa viziwi mpaka waje kutengeneza. Mume wangu ametoka jela, Kasiani. Anakaa mji huu huu. Wewe utakuja kunilinda? Utalala mlangoni kwangu?"

Kasiani hakuishusha sururu. Watu walianza kugawanyika, hawa wanasema kivunjwe, wale wanasema kiachwe, na sauti zilipopanda taa nyekundu darini ikaanza kupepesa.

"Kasiani!" Twilumba aliita kutoka mlango wa nyuma. "Sururu ni ya kuchimbia. Njoo huku, ng'oa hizi njegere, chimba. Mjomba wako analala hapa."

Gaudensia alimwangalia, macho yamemtoka.

"Hakivunjwi," Twilumba alimwambia. "Kikae hapo hapo, kisikie. Nataka kisikie kila kitu."

Akamgeukia Elifuraha, aliyekuwa amesimama kwenye korido, hana pa kushika.

"Mwanangu, hebu nisikilize, na hicho cha mkononi kinisikilize pia. Sikuombi mrudishe ile njia ya zamani ya kusema 'huu ni utani', maana itaua akina Gaudensia wengine. Na Yoramu simtoi. Kwa hiyo namzika mume wangu hapa uani kwangu, leo, bila kibali. Mkinihitaji mnishtaki kwa kuua. Lakini mnishtaki mbele ya watu. Waje watu, wakae kwenye viti, waniangalie usoni, mimi nitarudia neno kwa neno yote niliyosema, na Yoramu atarudia yake. Wakishindwa kujua tofauti, wanifunge."

"Mama, ukizika bila kibali nyumba itakatiwa kila kitu. Umeme, maji, posho ya ujane. Milango yenyewe haitakutambua."

"Nitang'oa bawaba."

"Nami nitalazimika kuandika jina lako."

"Liandike. Linaanza kwa T na W, usije ukaniwekea U katikati. Watu wa ofisini kila siku wananikosea."

* * *

Msikizi hakuwa na kinyongo. Jeneza lilipovuka kizingiti cha mlango wa nyuma, alitangaza kwa upole kwamba huduma zinasitishwa, akasitisha. Majiko yalizimika wali ukiwa nusu mbichi. Wanawake hawakusubiri kuambiwa. Waliokota mawe, wakapanga mafiga, wakakoka moto wa kuni palepale uani, na moshi ukawaliza hata waliokuwa wamemaliza kulia. Maji yaliletwa kwa ndoo kutoka kwa Gaudensia. Alikuja nazo mwenyewe, akiinama upande wake ule ule, na alipoambiwa apumzike alisema wamwache.

Katekista alifika kwa miguu baada ya mlango wa gereji ya kanisa kukataa kufunguka kwa maziko yasiyo na kibali. Aliongoza sala fupi, yenye haraka kidogo, jicho moja likiwa kwenye dirisha la sebule. Darini taa nyekundu ilikuwa bado inawaka kwa betri yake ya akiba. Kusikia hakukusitishwa.

Kaburi likawa tayari. Udongo wa Iringa ni mwekundu, na safari hii ulikuwa umechanganyika na mizizi ya njegere iliyokatika. Watu wakarudi nyuma kidogo, wakaacha nafasi, kwa sababu sasa zamu ilikuwa ya mtani. Maiti haishuki kabla mtani hajaingia kaburini akalala, akalalamika, akaombwa atoke. Kila mtu alijua hivyo. Wote wakamtazama Yoramu.

Yoramu alisimama ukingoni na koti mikononi. Aliangalia dirisha. Kila neno ambalo angesema lingewekwa juu ya yale ya asubuhi, na lingemwangukia mjane. Alifungua mdomo, akaufunga. Dakika zilikwenda, na msiba ukaanza kuwa kama ule aliousimulia Elifuraha, wa watu kwenye viti.

Hofu ilimwingia Twilumba, ya kweli kweli, mbaya kuliko ya asubuhi. Aliona kwamba wanaweza kuzika bila kibali na bado wakashindwa. Kidude kingekuwa hakijamkamata mtu yeyote, ila kingekuwa kimewanyamazisha, na hilo lingetosha.

"Hee!" alipaza sauti. "Mwangalieni! Mgogo kaogopa mfuniko wa sufuria!"

Yoramu akageuka.

"Nasema na wewe, ombaomba wa barabara kuu! Umeitema chai yangu asubuhi, umevaa koti la mume wangu, kazi iliyokuleta imekushinda? Au unasubiri nikulipe? Otmari aliniambia, alisema, 'Nikifa yule atakuja kula tu.' Nikamtetea. Nikasema hapana, ana akili kidogo, siyo nyingi, lakini anazo. Kumbe mwenzangu alikujua!"

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Yoramu alikuwa analia waziwazi, machozi yanatiririka mashavuni. Akalivaa koti, kinyumenyume, akalifunga vifungo mgongoni kwa shida. Kisha akaruka shimoni kwa kishindo ambacho umri wake haukumruhusu.

"Fupi!" sauti ikatoka chini. "Nani kapima hapa? Wahehe wachoyo nyie, hata udongo mnabania! Miguu ya Otmari itatokeza nje, mbwa wataila. Aa, nimesahau, mbwa wenyewe mmeshawamaliza!"

Ua ukalipuka. Shangazi alicheka akiwa ameshikilia meno yake ya bandia. Gaudensia alicheka akijishika ubavu, anaomba watu wamwonee huruma. Elifuraha Mshana, afisa wa serikali, akaziba mdomo kwa kiganja, lakini alichelewa. Twilumba alicheka, na katikati ya kicheko kilio kikampata, kilio chote alichokuwa amekizuia tangu jikoni, akapiga magoti kwenye udongo, akacheka na kulia pamoja, kamasi zinamtoka, asijue kipi ni kipi.

"Twilumba Kikoti." Sauti ya upole ilitoka dirishani. "Sauti yako inaonyesha dhiki kubwa. Je, mtu huyu anakutisha? Tafadhali jibu ndiyo au hapana. Ukijibu ndiyo, kibali na huduma zote zitarejeshwa mara moja."

Vicheko vikafa. Moto wa kuni ulisikika ukitatarika.

Chini kaburini Yoramu alikuwa amelala chali, mikono kifuani, kama inavyotakiwa. Alifumbua macho, akamtazama Twilumba moja kwa moja, na safari hii uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

"Kiambie ndiyo, shemeji," alisema taratibu.

Twilumba alifuta pua kwa upindo wa kanga. Akachukua bonge la udongo, akalipima mkononi, akamtupia Yoramu tumboni.

"Toka humo," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka darini. "Hapo ni pa mume wangu. Kaburi la kwako nitalichimba mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na siku hiyo nitaimba."

Ndani ya nyumba taa nyekundu ilipepesa kwa fujo, sauti ikianza upya kuuliza. Yoramu alinyoosha mkono juu. Twilumba akaushika, akamvuta.